Chetezo Ndani ya Friji

Shangazi yangu aliuza vikuku vyake viwili vya dhahabu akanunua friji. Mtaani kwetu Malindi watu walilijua jambo hilo kabla friji yenyewe haijafika, kwa sababu mkono wake wa kushoto, uliokuwa ukilia vikuku kila alipokuna nazi, ulikuwa umenyamaza. Mwanamke wa mji wetu hakuwa akiuza vikuku vya harusi yake ila kwa ugonjwa mkubwa au kwa nauli ya Hija. Yeye aliviuza kwa ajili ya barafu, na hakumficha mtu.

"Dhahabu mkononi hainipozi koo," aliwajibu waliomwuliza. "Wala hainipi chakula."

Alikuwa mjane. Mimi, binti wa kaka yake, nilikuwa nimemaliza shule na nilikaa naye. Asubuhi nilifundisha watoto wadogo wa chekechea, mchana nilimsaidia nyumbani. Riziki yake ilikuwa kofia. Alizishona kwa mkono, zile za matundu madogo madogo ambazo wanaume huvaa kwa kanzu, na macho yake yalikuwa yameanza kuyakataa matundu hayo. Alishona, akafumua, akashona tena, na siku moja akaiweka sindano chini na kusema lazima atafute kazi isiyotaka macho.

Kazi hiyo ilikuwa barafu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na mfungo wa Ramadhani ulikuwa ukiangukia wakati wa joto, masika hayajashika sawasawa. Nyumba zenye friji mtaani mwetu zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine tulinunua barafu kwenye maghala ya samaki, ikaja imefungwa gunia, na ukiitia kwenye maji ya ukwaju ulifuturu kwa kinywaji kitamu chenye harufu ya nguru. Tulikunywa hivyo hivyo, tukisema bismillahi na kushikilia pumzi. Shangazi alikuwa amewaahidi majirani wote kwamba mwaka ule watafuturu kwa barafu isiyonuka samaki.

Duka tulilonunua lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka aliuza feni, radio, vyerehani na vitu vingine vya umeme, na tangu utotoni alijuana na shangazi, kwani walisoma chuo kimoja, chuo cha Kurani. Friji zilikuwa zimemfikia kutoka Mombasa zikiwa chache, nyeupe, zote za aina moja, zikavushwa kwenye feri ya Kilifi zimelazwa juu ya lori. Aliisifu ile ya shangazi kwa mlango, kwa mpira, kwa taa ya ndani. Alipoona bado shangazi anaizunguka kama mtu anayechagua mbuzi, akatoa sifa yake ya mwisho.

"Dada yangu, moja ya hizi hizi nimeichukua mwenyewe nyumbani kwangu. Ningekuuzia wewe kitu nisichokitaka?"

Hapo shangazi akakubali. Alipewa friji na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja. Mwenye duka akamsomea kadi hiyo kwa sauti: ikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, utarudishiwa nzuri, ukiiharibu mwenyewe, basi.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja kuhusu maji ya kwetu. Chombo cha maji hakitiwi maji kikiwa kikavu tu, kinanuka udongo. Hufukizwa kwanza. Unatia makaa kwenye chetezo, unanyunyiza ubani, unaugeuza mtungi kifudifudi juu ya moshi mpaka ushibe, ndipo unatia maji. Kabati la nguo hufukizwa. Kanzu ya Ijumaa hufukizwa. Na friji ile, ilipofunguliwa mara ya kwanza jikoni kwetu, ilinuka rangi na mpira kama gurudumu jipya la baiskeli.

"Maji hayawezi kulala humu," shangazi akasema.

Akaifuta kwa kitambaa cha maji ya mawaridi. Akawasha makaa, akaweka udi na ubani kwenye chetezo, akakiweka chini kabisa ndani ya friji, akafunga mlango. Hatukuwa tumeitia umeme bado, ashukuriwe Mungu. Tukakaa kwenye mkeka tukiitazama. Baada ya muda moshi ulianza kuchungulia pembeni mwa mlango, mwembamba, kama mtu anayeomba ruhusa. Shangazi alipofungua, wingu lilitoka tukapiga chafya wote wawili. Harufu ilikuwa nzuri ajabu. Lakini pale chini chetezo kilipokuwa kimekaa, plastiki ilikuwa imetutumka na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, pana kama kisahani.

Aliligusa doa lile kwa kidole.

"Si neno," akasema. "Hapo nitaweka sufuria."

Friji ikatiwa umeme, na ilifanya kazi vizuri. Kwa kiasi cha mwezi mzima iligandisha kila tulichokitia. Majirani walikuja kuonja barafu. Walitafuna vipande wakitazamana, wakitafuta samaki ndani yake wasimpate. Mzee mmoja jirani yetu alisema ni mara yake ya kwanza kula barafu inayonukia kama bibi harusi. Watu wakaanza kumwekea shangazi nafasi za Ramadhani, nani atachukua bakuli ngapi na saa ngapi, na yeye akayashika yote kichwani.

Kisha asubuhi moja tulikuta maji. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka, imetiririka chini hadi kwenye mkeka. Taa ya ndani iliwaka. Mashine nyuma ilinguruma kama kawaida, bali haikutoa ubaridi wowote. Shangazi alitia mkono ndani akauacha humo muda mrefu.

Mwenye duka hakutukawiza. Alimtuma fundi wake siku ile ile, kijana mrefu mwenye mkoba wa ngozi uliojaa bisibisi. Fundi alifungua mlango wa friji, akavuta pumzi kwa pua, akainama, akaliona doa. Akasema, "Ahaa." Mkoba wake haukufunguliwa. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya adabu, kama anayetoa rambirambi, akaaga.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, tulikwenda dukani. Mlikuwa na wateja wawili watatu, na mmoja aliyekuja kununua betri za tochi aliacha kununua akabaki kusikiliza.

"Shikamoo," nilimwamkia mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia shangazi. "Dada yangu, fundi anambia friji umeipika."

"Nimeifukiza."

"Umeifukiza kwa makaa ya moto?"

"Na nyinyi kwenu mwafukiza kwa nini? Kwa tochi?"

Mnunuzi wa betri alicheka. Mwenye duka hakucheka, ingawa nilimwona akijizuia. Akaitoa kadi ya dhamana iliyokuwa mkononi mwangu, akaweka kidole kwenye yale maneno ya ukiiharibu mwenyewe, basi.

Shangazi hakuitazama kadi. "Sikiliza. Mimi na wewe tulisoma chuo kimoja, kwa mwalimu mmoja na bakora moja. Kwenye mlango wa kuuziana kitabuni tulifundishwa nini? Mali ikionekana ina aibu, ina kasoro, mnunuzi ana hiari. Akitaka ataikubali, akitaka atairudisha. Halikuwa jambo la kadi. Lilikuwapo kabla ya kadi."

"Aibu ya awali," mwenye duka akajibu haraka, na mara sauti yake ikawa ya mtoto wa chuoni. "Aibu iliyokuwamo mali ikiwa bado kwa muuzaji. Ikizaliwa nyumbani kwa mnunuzi, ni mtoto wa mnunuzi. Au siku ya somo hilo ulitoroka?"

"Siku hiyo aliyetoroka ni wewe. Ulipigwa mbele yetu."

Sasa duka zima lilicheka, hata mwenyewe. Shangazi akangoja kicheko kiishe.

"Zipo aibu mbili," akasema. "Doa ni langu. Sikulikataa na silikatai. Lakini friji imegandisha mwezi mzima na doa lake. Huku kukosa baridi si doa."

"Moshi huingia polepole, dada."

"Mwezi mzima! Moshi ulikuwa wapi, umekwenda Lamu ukarudi?"

Mwenye duka akamwashiria asogee kando, karibu na feni, mbali na masikio ya watu. Nami nikasogea, kwani sijapata kuwa mtu wa kuachwa nyuma na mazungumzo.

"Nikwambie kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi si mwenye kampuni. Wenye kampuni wako Mombasa. Nikiipeleka friji yenye kovu la moto ndani, watanicheka wanirudishie. Nitawaambia nini? Udi? Itabaki kwangu, na sina uwezo wa kubaki nayo."

Hilo nililishika, maana lilikuwa neno la kwanza mle dukani lisilotoka kwenye kadi wala chuoni.

"Basi ungesema hivyo," shangazi akamwambia. "Ungesema hukuogopa udi, umeogopa Mombasa." Akajifunga buibui lake vizuri, tukatoka.

Njiani nilikuwa nimewaka kuliko makaa ya chetezo. Nilimwambia twende kwa wakili, au ofisi za serikali, au kwa kadhi. Nilimsomea kadi nzima kutoka kichwani. Nilimwambia ana haki. Aliniacha niseme mpaka tulipofika barazani kwetu.

"Haki ya nani, mwanangu? Wiki ijayo tunakwenda kuchagua mchele wa harusi ya binti yake. Tutakaa kwenye mkeka wake huku tumemshitaki?"

"Kwani tuna lazima ya kwenda?"

"Mchele hauna kosa."

Kisha akaingia jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mbele ya friji ile iliyokufa. Alifungua mlango akanusa. Ndipo aliposema lile lililokuwa likimla tangu fundi aliposema ahaa.

"Na kama kweli ni mimi?"

Mimi sikujua chochote juu ya friji, na yeye hakujua, na fundi alikuwa amenusa tu. Vikuku vya harusi yake vilikuwa vimegeuka sanduku jeupe, na huenda sanduku hilo aliliua mwenyewe kwa udi mzuri alioununua kwa ajili yake. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Bakuli za majirani zote alikuwa amezikubali. Naona hata kama mwenye duka angempa friji mpya siku ile, angelala na swali hilo.

Kwetu harusi hufanywa nyingi mwezi wa Shaabani, watu wakikimbizana na mfungo. Siku ya kuchagua mchele wanawake hukusanyika nyumbani kwa wenye harusi, kila mmoja na sinia lake mapajani, wakitoa mawe na chuya mbegu kwa mbegu, na huku wakitoa habari za mji mzima kwa utaratibu huo huo. Tulikwenda. Mke wa mwenye duka alitupokea kwa vigelegele, akamvuta shangazi kukaa karibu naye. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili za ugomvi wa dukani. Haikuwapo hata moja. Mumewe hakuwa amemwambia kitu.

Joto lilikuwa kali. Baada ya masinia mawili matatu, akanigeukia.

"We mwana, miguu yako mipya. Ingia jikoni ututolee maji kwenye friji."

Nikaingia. Friji ilikuwa pacha wa yetu, nyeupe vile vile, mlango vile vile. Nilipoufungua ubaridi ulinipiga usoni, na ndani ya ubaridi huo mlikuwa na harufu niliyoijua. Udi. Nilisimama. Kisha nikainama, nikaisogeza jagi kubwa iliyokuwa chini kabisa, na chini yake palikuwa na doa. Lilikuwa limetutumka na kubabuka, rangi ya chai ya maziwa, na lilikuwa kubwa kuliko letu. Aliyeweka chetezo kile hakuwa na haraka ya kukitoa. Na jagi yenyewe ilikuwa na vipande vya barafu juu.

Nilirudi na maji nikayagawa. Nilipomfikia shangazi nilimwinamia sikioni nikamweleza yote. Vidole vyake vilisimama juu ya mchele.

"Inagandisha?" aliuliza kwa pumzi.

"Maji yana vipande."

Alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, polepole sana, na nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua ndoo. Kisha vidole vyake vikaanza tena kuchagua mchele.

"Sema basi," nikamnong'oneza. "Waambie."

"Nyamaza."

"Lakini shangazi..."

"Umetumwa maji. Umeingia jikoni kwa watu ukatoka na maji, au umetoka na habari?"

Nikakaa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua alichokisema. Unaloliona jikoni mwa mtu ni la jikoni mwa mtu. Ukiona sufuria tupu hukuiona; ukiona nyama nyingi hukuiona pia. Aliyekupa maji hakukupa maji uende ukamtangaze. Shangazi alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho kingemrudishia friji yake, naye akakiweka chini kwa sababu alikiona, kupitia macho yangu, akiwa mgeni. Nilimwona mjinga. Nilichagua mchele wangu kwa hasira, nikitupa hata mbegu nzima pamoja na mawe.

Mazungumzo yakazunguka, yakapita kwa maharusi, kwa mpishi, kwa turubai, yakafika kwenye vinywaji. Mke wa mwenye duka akampiga shangazi kofi la pajani.

"Wewe shoga yangu barafu ya harusi nakuachia wewe. Wamesifu barafu yako mji mzima. Yangu haitatosha watu wote hawa."

"Ningefurahi," shangazi akasema. "Friji yangu haina baridi."

"Toka lini?"

"Yapata siku kumi sasa."

"Mpya vile! Na huyu mwanamume wangu anajua?"

"Anajua."

"Amesemaje?"

Shangazi aliinua sinia, akapuliza chuya kwa utulivu. Mpaka leo sijui kama aliyajua maswali hayo yatakuja kwa mpangilio huo, au yalikuja yenyewe. Hakuongeza neno. Alijibu lile aliloulizwa.

"Amesema nimeiunguza. Niliifukiza kwa chetezo ndani."

Mke wa mwenye duka alimkodolea macho. Mdomo wake ukafunguka, ukafumba. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, akalishika sinia lisimwagike, akacheka tena.

"Kwa chetezo! Amesema hivyo? Kwa kinywa chake? Inukeni! Inukeni wote mje muone!"

Tukamfuata jikoni, kundi zima, tukisukumana mlangoni. Akafungua friji, akaing'oa jagi pale chini, akaonyesha kwa kidole.

"Na hili je? Hili limeunguzwa na nini, jua?"

"Lo, shoga, hilo ni jiko zima uliliingiza!" mmoja akasema.

"Nilikisahau chetezo nikaenda kusali," akakiri. "Na mwaliona, inagandisha mpaka nyanya zavunjika kwa nyundo. Huyu bwana hajapata kuifungua friji hii toka ije. Maji aletewa ukumbini kwenye sinia. Atajua nini cha jikoni?"

Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa amebaki nyuma akijikongoja, alifika, akatia kichwa ndani ya friji, akanusa. "Kwani mlitaka maji yanuke mpira?" akauliza, akarudi zake mkekani.

Mke wa mwenye duka alimshika shangazi mkono, ule mtupu wa kushoto. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Na ukaja kunichagulia mchele," akasema.

"Mchele hauna kosa," shangazi akamjibu, na safari hii nilielewa kwamba hakuwa akisema maneno mazuri tu.

Kesho yake, baada ya alasiri, tulisikia hodi. Alikuwa mwenye duka mwenyewe na fundi wake nyuma. Alikataa kuketi kwanza.

"Dada yangu, jana nimeonyeshwa friji yangu."

"Nzuri?"

"Ina baridi."

"Alhamdulillahi. Baridi ni jambo jema."

Alijikuna kofia. Ilikuwa kofia aliyoshonewa na shangazi miaka ya nyuma, na nilifikiri labda aliivaa kwa makusudi. Fundi, bila kunusa chochote, aliivuta friji kutoka ukutani, akaufungua mkoba wake hatimaye, akaomba kipande cha sabuni na maji kidogo. Alipaka povu kwenye mabomba membamba ya nyuma, kiungo kimoja baada ya kingine. Kwenye kiungo kimoja, kule juu, mbali kabisa na mahali chetezo kilipokaa, povu likaanza kupumua. Kijipovu kikafura, kikapasuka, kingine kikafura.

"Hapa," fundi akasema. "Gesi imetokea hapa. Kiungo hakikuchomewa sawasawa huko kilikotoka. Kilikuwa kinavuja kidogo kidogo siku zote."

Mwenye duka alikitazama kile kijipovu kikipasuka mara tatu nne. "Aibu ya awali," akasema.

"Umelikumbuka somo," akasema shangazi. Hakuongeza. Nami nilikuwa na mengi ya kumwongezea, lakini alinitazama.

Mwenye duka akasema ataleta friji nyingine kutoka dukani kesho, na hii ataichukua, na mambo ya Mombasa ataachiwa yeye. Nilidhani limekwisha. Shangazi ndiye aliyemzuia mlangoni.

"Bado. Wewe ulinipa friji isiyo na doa. Mimi nakurudishia yenye doa. Hilo ni langu, nalo lazima nilibebe."

"Dada, acha."

"Siachi. Barafu yote ya harusi ya mwanao itatoka hapa, na ya siku ya saba ya fungate pia, na hutanipa chochote. Ukikubali tumemalizana. Ukikataa, beba friji zako, mbovu na nzuri, zote mbili."

Mwenye duka alicheka sasa kwa mara ya kwanza tangu apige hodi. Akakubali, akaketi, akanywa kahawa. Akatusimulia jinsi mkewe alivyomshika mkono akimwingiza jikoni mwake kama anayemwingiza mgeni, na jinsi alivyolazimika kuonyeshwa hata mlango wa friji unafunguliwa upande gani.

Baadaye alituletea habari za Mombasa. Friji mbovu ilivushwa Kilifi imesimama wima safari hii, imefungwa kamba kwenye lori. Karani wa kampuni aliyeipokea alitazama kiungo cha nyuma, akaandika alichoandika, hakuuliza hata swali moja juu ya lile doa. Alipofungua mlango alivuta pumzi tu, akataka kujua udi huo unauzwa duka gani Malindi.

Friji ya pili ilipofika, mwenye duka aliinua kidole.

"Dada, chetezo..."

"Najua. Nje."

Alivifukiza vyombo badala yake. Alizikalisha jagi na trei za barafu kifudifudi juu ya moshi uani, moja moja, kama mitungi ya zamani, na friji yenyewe akaiosha kwa ndimu. Barafu ilitoka na harufu ile ile. Harusi ilipita vizuri, na watu waliosahau sura ya bwana harusi walikumbuka maji ya ukwaju.

Ramadhani ilipoingia, kuanzia alasiri bakuli zilianza kufika mlangoni. Mkono wa shangazi ulibaki mtupu, na sikumsikia akiulalamikia. Mambo ya kofia aliyaacha, ila mara moja moja kwa mtu aliyempenda.

Siku moja katikati ya mfungo, alikuja mjumbe kutoka nyumbani kwa mwenye duka na bakuli kubwa la enameli. Nilishangaa, nikamwuliza kwani friji yao imekuwaje.

"Nzima," akasema yule mjumbe. "Bwana jana aliifungua mwenyewe. Amejifunza. Aliweka nguru mzima humo bila kumfunika, sasa barafu yote yanuka samaki. Bibi yuko jikoni ameshika chetezo."

Shangazi, aliyekuwa akigonga trei kwenye ukingo wa beseni, alijaza bakuli mpaka juu, akalifunika kwa kitambaa.

"Mbio," akasema. "Mwambie akiweke chini. Aoshe kwa ndimu."